Ndege wa kaskazi hori ya Mida: ulizia maji kabla ya kuulizia saa

Kila mwaka Novemba ikikaribia, simu yangu huanza kuita. "Mwalimu, Jumamosi tunakutana saa ngapi?" Nami huuliza kwanza mwezi umefika tarehe ngapi. Aliyezaliwa nyumba ya mvuvi hunielewa papo hapo. Aliyetoka bara hunyamaza, kisha hucheka kwa adabu, akidhani bibi ameshazeeka. Lakini ndege wa kaskazi hawana habari na saa ya ukutani, wao wanafuata maji, na anayekwenda Mida, hori yetu ya Kilifi ambako bahari huingia ndani ya nchi kavu, bila kujua maji yako wapi atalipa nauli kwenda kutazama tope.

Nilifundisha jiografia shule za msingi za upande wa Gede na Malindi hadi nikastaafu. Siku hizi, kuanzia Oktoba hadi Aprili, kazi yangu ni kuwatembeza wageni wa kikundi chetu cha wapenda ndege na viumbe. Haya ndiyo ninayowaambia kabla hatujatoka, nisije nikayarudia ndani ya matatu huku muziki umefunguliwa mpaka mwisho.

Wageni ni akina nani, na uje lini

Huko Ulaya na Siberia kukiwa kumeganda, sisi tumo ndani ya kaskazi: jua kali, na upepo wa kaskazini mashariki kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Ndege anayekula minyoo na kaa wa matopeni hana la kufanya tope linapogeuka barafu, kwa hiyo huhama. Hawa wadogo tunaowaita vitwitwi kwa jumla, ungeweza kumwuliza kila mmoja kwao, huyu angekutajia Siberia ya kaskazini kabisa, yule nyanda kavu za Asia ya Kati, mwingine milima ya Himalaya na Tibet. Wote wamekutana hori moja ya Kilifi. Mmoja wao, kwa jina la kitaalamu Calidris ferruginea, ana uzito wa gramu 60 hivi, naye huzaliwa karibu na Bahari ya Aktiki.

Darasani watoto walikuwa wakiniuliza, "Mwalimu, nauli anapata wapi?" Swali zuri kuliko walivyojua. Nauli yake ni mafuta ya mwilini. Kabla ya safari hula mchana na usiku, kila maji yanapopwa, mpaka anene, na mafuta hayo ndiyo yanayomfikisha. Likumbuke jambo hili, kwa sababu karibu kila sharti nitakalokupa huko mbele linatokana nalo.

Wakubwa hutangulia kufika, Agosti na Septemba, baadhi wakiwa bado na mabaki ya rangi nyekundu ya msimu wa kuzaliana. Watoto wa mwaka huo hufuata wiki kadhaa baadaye, na kwa aina nyingi huja bila wazazi, njia hawajawahi kuiona. Kufikia Novemba wote wamevaa kijivu na kahawia, na hapo ndipo mgeni hukata tamaa kwa kuona wote ni sura moja. Januari ndio mwezi wa wingi. Lakini kama una nafasi moja tu kwa mwaka, mimi ningekwambia uje mwisho wa Machi au wiki ya kwanza ya Aprili: idadi inaanza kupungua, ila waliobaki wanabadilisha manyoya, na yule wa kijivu wa Januari amekuwa mwekundu kifua kizima. Vijana ambao hawajafikia kuzaliana hubaki nasi kusi nzima, kwa hiyo usishangae ukiwakuta wachache hata Juni.

Hesabu ya maji

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo sehemu inayoharibu matembezi ya watu wengi.

Mida ni hori pana yenye mlango mwembamba wa kuingilia bahari, kusini ya Watamu. Maji yakipwa, tope na mchanga hubaki wazi eneo kubwa sana, ndege wakatawanyika, na hata kwa darubini nzuri utaona vidoadoa vinavyotembea. Maji yakijaa kabisa, tope lote limefunikwa na ndege wamekwenda kupumzika kwenye vichanga vilivyobaki au juu ya mikoko. Unachotaka wewe ni yale masaa mawili, matatu kabla ya maji kujaa. Maji yanapopanda huwasogeza ndege hatua kwa hatua kuelekea ukingoni, ulipo wewe. Huna haja ya kuwafuata.

Sasa tarehe. Jedwali langu la kwanza ni kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani, ile ya bure ya dukani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, yaani maji makubwa, yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Siku hizo, pwani yetu, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alasiri na alfajiri, na kupwa kabisa asubuhi kati ya saa nne na saa tano. Kila siku inayofuata, saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Basi tarehe 2 na tarehe 16 maji hujaa karibu na magharibi, nguvu ya bamvua ingali ipo, na wewe unafika saa tisa alasiri jua likiwa linaanza kupoa. Kuna faida nyingine ambayo wageni hawaifikirii: daraja la Mida liko upande wa magharibi wa hori na linatazama mashariki. Alasiri jua liko mgongoni mwako na kila mguu wa ndege unaonekana rangi yake. Asubuhi jua liko usoni, na unachokiona ni vivuli vyeusi juu ya maji yanayong'aa.

Najua wanaotoka Nairobi wamezoea kuamka alfajiri. Msituni ni sawa, ndege wa msituni huimba alfajiri. Lakini Mida, ukilazimika kwenda asubuhi, chagua tarehe 5 au 20, maji yanapojaa kiasi cha saa mbili, na uwe umesimama mahali pako kukiwa kunapambazuka, kabla jua halijapanda kukuudhi. Ukichagua tarehe 8 au 22 utakuwa umeangukia maji mafu. Saa ni nzuri, saa nne ya asubuhi, lakini maji hayafiki juu, na ndege wanaendelea kula katikati ya hori bila kujali kwamba umekuja.

Kalenda ya ukutani hukupa siku, na dakika utaipata kwenye jedwali la maji ya Kilindini linalochapishwa na Halmashauri ya Bandari ya Kenya, au programu yoyote ya maji kwenye simu. Kumbuka tu kwamba ndani ya hori maji huchelewa kidogo, kwa sababu ya ule mlango mwembamba. Ukikosa vyote, mwulize mvuvi. Kijana mmoja wa kikundi chetu aliwahi kubishana na mzee pale ufuoni huku akimwonyesha skrini. Mzee akamjibu, "Mwanangu, hiyo simu yako imewahi kwenda kuvua?" Maji yalijaa kwa saa ya mzee.

Kujiunga na wenzako

Unaweza kwenda peke yako, hakuna anayekukataza. Lakini ndege hawa wanafanana, na macho sita hujifunza haraka kuliko mawili. Kikundi chetu hakina ofisi wala fulana. Kuna fundi wa friji, kuna kijana wa boda boda, kuna mama auzaye mahamri ambaye ndiye mwenye macho makali kutushinda wote. Vikundi vya namna hii viko vingi pwani, na njia ya kuvipata ni kuuliza: uliza shuleni, uliza waongoza wageni wa msitu wa Arabuko-Sokoke pale Gede, uliza darajani Mida kwenyewe.

Ukitaka mlango mkubwa zaidi, gonga Nature Kenya, ambacho ni chama cha kale cha elimu ya viumbe asili cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa 1909. Wakaao Nairobi wana bahati ya matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, ambayo mpenda ndege Fleur Ng'weno amehusika nayo tangu 1971. Huko utajifunza adabu ya matembezi na ndege wa bara, kisha ukija kwetu utakuwa umebakisha maji tu. Watamu wako A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, kituo chao cha Mwamba kiko karibu na ufuo, nao wamekuwa wakihesabu ndege wa Mida na kuwavisha pete kwa miaka mingi. Kuwatembelea ni jambo la kupiga hodi tu.

Siku ya kwanza usione haya kusema "simjui". Hata mimi husema. Kinachotukera si kutojua, ni kutoa maelekezo ya hovyo: "Yule pale! Yule, yule!" Yule yupi, na mbele yako kuna ndege mia mbili? Anza na kitu kisichotembea. "Ule mti wa mlilana uliojitenga, shuka mpaka ukingo wa maji, wa tatu kwenda kushoto." Ukiweza kusema hivyo, umeshakuwa mwanachama.

Vya kubeba

Darubini ndiyo gharama. Namba ya kutafuta ni 8x42: ya kwanza ni mara ngapi inavuta karibu, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu hutamani 10 au zaidi kwa kudhani kubwa ndiyo bora, kisha mkono unatetemeka na picha inacheza. Usinunue kabla hujaazima ya mwenzako mara kadhaa. Kwa hori, kikundi kikiwa na darubini moja kubwa ya kusimamishwa kwa miguu mitatu, inatosha watu wote kwa zamu, na zamu iwe zamu kweli, tusione mtu ameganda hapo kama amefunga ndoa nayo.

Maji ya kunywa, zaidi ya unavyodhani. Kofia. Nguo za rangi ya majani au vumbi. Nyeupe huwaka juani na ndege huiona mbali. Mikono mirefu, maana mikokoni mbu hawana adabu hata mchana. Viatu, usivae malapa kwenye daraja la mbao, na usivae viatu vyako vya harusi kwenye tope. Daftari na penseli. Kalamu ya wino huchuruzika jasho likidondoka. Kitabu cha ndege cha Afrika Mashariki kimoja kwa watu watatu kinatosha.

Usafiri ni rahisi. Matatu yoyote ya Mombasa na Malindi hupita Mida. Mwambie konda akushushe hapo, kisha ni mwendo mfupi wa miguu au boda boda kwenda darajani. Kuna ada ya kuingia. Lipa bila kunung'unika, kwa sababu fedha za daraja lile zimekuwa zikisaidia karo ya wanafunzi wa sekondari wanaotoka nyumba zilizo kando ya msitu na hori.

Darajani

Daraja lenyewe ni la mbao, limening'inizwa katikati ya mikoko, na linayumba. Tembeeni kwa nafasi, mmoja mmoja. Wengi hulikimbilia ili wafike kwenye kibanda cha kutazamia ndege mwishoni, nami huwazuia. Mikoko si ukuta tu wa kupita. Angalia inavyobadilika ukielekea majini: nyuma, palipo pakavu zaidi, utakuta mikandaa, katikati mikoko yenyewe, imesimama juu ya mizizi yake iliyopinda, mbele kabisa, miguu ikiwa ndani ya maji kila siku, mililana imejipanga. Mchu utaukuta huku na huku, umezungukwa na mizizi ya kupumulia iliyochomoza wima kutoka kwenye tope. Chini yake kuna kaa wadogo wenye gando moja kubwa, dume hulipandisha na kulishusha akimwita jike. Ukisimama na kuhesabu pole pole hadi ishirini wanatoka mashimoni. Ukipiga hatua wote wamezama. Fanya hivi mara mbili, tatu. Ni mazoezi ya kile utakachofanya ukifika kibandani: kutulia.

Njiani sikiliza pia. Mlio mkali wa mdiria ndani ya mikoko utausikia kabla hujamwona. Nyuma, upande wa vijiji, keremkerem wa Ulaya hupita juu wakiitana, na mbayuwayu waliotoka huko huko wamejaa kwenye nyaya za umeme.

Kibandani keti chini. Usinyooshe mkono nje ya dirisha. Ongea kwa sauti ya ndani ya nyumba yenye mgonjwa.

Jinsi ya kutenganisha wanaofanana

Usianze na rangi. Msimu wa kaskazi rangi zote ni za kukopa. Anza na mdomo, kisha miguu, kisha tabia ya kula.

Mdomo uliopinda kwenda chini na ndege mkubwa: ni sululu. Wako wa aina mbili hapa. Mwenye mdomo mrefu kupita kiasi na kichwa kisicho na mistari ni mkubwa wao. Mwenye mdomo mfupi zaidi na mistari myeusi juu ya kichwa ni Numenius phaeopus, ndiye utakayemwona mara nyingi. Mtazame akimkamata kaa. Humshika, humtikisa hadi miguu na gando ving'oke, mara nyingine humpeleka kumsuuza majini, ndipo amlaze vizuri mdomoni na kummeza mzima.

Mdomo uliopinda kwenda juu, miguu mifupi ya manjano, na ndege anayekimbia mbio akibadilisha njia bila sababu inayoeleweka: Xenus cinereus. Huyu hukosei. Mida ni mmoja wa mahali pazuri pa kumwona, na vijana humpenda kwa sababu ya vichekesho vyake.

Mnene, kijivu, mdomo mfupi, anakimbia hatua chache, anasimama, anatazama, anadonoa: Pluvialis squatarola. Ngoja aruke. Kwapani ana doa jeusi, na doa hilo humaliza ubishi wote. Wadogo wenye mwendo huo huo wa kukimbia na kusimama, wenye kahawia na nyeupe, ni wale wa Asia ya Kati na Himalaya, wa aina mbili zinazotofautishwa kwa ukubwa wa mdomo na urefu wa miguu. Mgeni wa siku ya kwanza awaachie wazee wagombane.

Anayepindua vijiwe na mwani kwa mdomo, miguu ya rangi ya chungwa: Arenaria interpres. Anayetembea peke yake kando ya maji akitikisa mkia juu chini bila kuchoka, huyo ni kitwitwi wa mito, utamkuta hata kwenye mtaro wa Malindi mjini.

Sasa mwenye hori. Ukimwona huna haja ya kitabu: mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kibuluu, na mdomo mnene mweusi ulionyooka kama jambia. Dromas ardeola. Sisi kikundini tunamwita mla kaa. Huzaliana kwenye visiwa na fuo za mchanga za Bahari ya Shamu, Ghuba na pwani ya Oman, naye, tofauti na jamaa zake wote wa ufuoni, huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai lake, jeupe, mara nyingi moja tu, humo ndani. Kisha huja kwetu, wakati mwingine makundi ya mamia Mida.

Mtafute aliye na mgongo wa kijivu badala ya mweusi. Huyo ni mtoto wa mwaka huu. Amekwisha kuruka safari yote ile kutoka Uarabuni, ana kimo cha mzazi, na bado anamfuata nyuma nyuma ameinamisha shingo, anapiga mluzi mwembamba bila kukoma. Mzazi anakwenda, anasimama, anarukia kaa, anampigapiga chini. Mtoto anaongeza mluzi. Mzazi anageuka huku, mtoto anazunguka huku. Mwishowe anampa. Wale vitwitwi wengine watoto wao walikuja peke yao tangu Siberia, huyu analishwa mdomoni mpaka Januari. Mama wa mahamri akiona hivyo husema, "Huyo ni kitinda mimba," na safari nzima husahau kuhesabu.

Kuhesabu

Lakini hesabu tunahitaji. Kila Januari kuna hesabu ya ndege wa majini dunia nzima, inayoratibiwa na Wetlands International, na Kenya imeshiriki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia Makumbusho ya Taifa na Nature Kenya: Naivasha, Nakuru, Bogoria, na huku pwani Mida na Sabaki. Watu wa kujitolea huhitajika kila mara.

Namna yake ni hii. Hesabu ndege kumi, mmoja mmoja. Litazame kundi hilo la kumi linachukua nafasi gani kwenye darubini. Kisha pima kundi zima kwa kumi kumi. Kundi likiwa kubwa sana, pima hamsini na uendelee kwa hamsini. Watu wawili wahesabu kundi moja bila kusikizana, wapeane majibu baadaye. Msipatane kabisa, rudieni. Anzeni kabla maji hayajawakusanya mno. Wakishasongamana kwenye kichanga kimoja, wa nyuma wanafichwa na wa mbele.

Nje ya Januari, orodha yako ya kawaida inaweza kwenda kwenye Kenya Bird Map, mradi unaoigawa nchi kwa vipande vya kilomita 9 kwa 9 hivi. Unatumia programu ya BirdLasser kwenye simu, unaandika kila aina uliyoona kwa muda wa angalau masaa mawili. Usiandike uliyemdhania. Orodha fupi ya kweli ina faida kuliko ndefu ya kubahatisha.

Ukiona ndege mwenye pete au kibendera cha rangi mguuni, andika mguu gani, juu au chini ya goti, rangi kwa mpangilio wa kutoka juu, na herufi kama zinasomeka. Piga picha hata kama ni mbaya. Kisha wapelekee A Rocha au Makumbusho.

Masharti

Kila mara kundi linaporuka kwa kushtuka, mafuta ya safari yanaungua. Kwa hiyo hatushuki topeni kuwafuata kwa ajili ya picha. Hatuwarushi ili tuone kwapa. Tunangoja waruke wenyewe, nao wataruka, kipanga hakosi kupita. Mbwa abaki nyumbani. Drone isitajwe kabisa. Maji yakiwa yamejaa na ndege wamejikunyata kwenye kichanga, huo ni usingizi wao, kaa mbali zaidi kuliko ulivyokaa walipokuwa wakila. Nahodha wa mtumbwi akikuahidi kukupeleka mpaka katikati yao, mwambie asante, hapana.

Na watu. Hori ina wenyewe: wavuvi wa nyavu, akina mama wa kaa, vijana wa mizinga ya nyuki mikokoni. Salimia kwanza, shikamoo kwa mkubwa, kisha ndipo utoe darubini. Anayekuona umekaa kimya unatazama kuelekea kwake na kitu machoni ana haki ya kukuuliza unachunguza nini. Mpe darubini naye atazame. Swali litakalofuata, nimelisikia mara nyingi, ni "Mwalimu, hawa wanalika?" Jibu kwa utulivu kwamba nyama yenyewe ni kidogo na safari yao ni ndefu, kisha mwonyeshe mla kaa na mwanawe. Mara nyingi mazungumzo hugeuka hapo.

Ukibakiwa na siku

Asubuhi nenda Arabuko-Sokoke, lango la Gede. Ni kilomita za mraba 420 hivi za msitu wa pwani, na huko hesabu ni kinyume: alfajiri, na masikio kabla ya macho. Chukua mwongoza wageni wa hapo, hasa kama unamtaka yule bundi mdogo wa Sokoke, ambaye bila mwenyeji utapita chini yake mara kumi na hutamwona.

Au panda kaskazini ya Malindi hadi mdomo wa mto Sabaki. Shakwe, buabua, mwari, heroe msimu ukiwa mzuri, na vitwitwi wengi kwenye vichanga. Nenda na mtu wa kikundi cha pale, kwa sababu njia hubadilika mto unapohamisha mchanga, na kwa sababu kuna viboko. Mchana wamo majini. Jioni hutoka kula majani kwa njia ile ile unayorudia, kwa hiyo funga darubini na uanze kuondoka mapema, hata kama ndege bado wanakuja.